Mwanga wa mchana, kilio cha usiku: historia ya taa zinazounguza macho (Sehemu ya 3)

Wiki hii tunaongelea taa. Siyo kibatari wala taa ya sola ya sebuleni, hizo hazina neno. Naongelea mwanga unaounguza jicho bila wewe kusikia joto wala maumivu, halafu saa sita mpaka kumi na mbili baadaye ndiyo shughuli inaanza.

Picha yenyewe unaijua. Mtoto kashinda karibu na fundi wa kuchomelea vyuma, anashangaa zile cheche. Jioni kala ugali vizuri, kalala. Usiku wa manane anapiga kelele, macho mekundu, machozi yanatiririka, hataki hata tochi ya simu. Anasema macho yana mchanga. Nyumba nzima inaanza kuulizana: ni macho mekundu ya kuambukiza? Kapigwa? Kuna mtu kamfanyia? Hakuna anayekumbuka fundi wa saa nane mchana.

Hayo masaa ya katikati ndiyo yanayotupoteza. Na usijilaumu, maana ulimwengu mzima ulichukua muda mrefu kuelewa jambo hili. Ngoja nikusimulie.

WALIOANZA NI WATU WA THELUJI

Zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, jeshi la Wagiriki lilikuwa linatembea kwenye milima yenye theluji, sehemu za Armenia. Askari mmoja wao, Xenophon, aliandika kwamba theluji iliwaharibia watu macho, na kwamba kilichosaidia ni kutembea na kitu cheusi mbele ya macho. Kinga walikuwa nayo, sababu hawakuijua. Leo tunajua: theluji inarudisha mionzi ya jua usoni. Ndiyo maana hata hapa kwetu wanaopanda Kilimanjaro mpaka kileleni wanaambiwa wavae miwani ya giza.

Mwaka 1801, Mjerumani Johann Ritter aligundua kwamba kuna mionzi tusiyoiona, inayokaa ng'ambo ya rangi ya urujuani kwenye upinde wa mvua. Ndiyo tunaiita urujuanimno, wengi tumezoea kusema UV. Jua linayo. Ila jua tunajua kulikwepa, macho yenyewe yanafinya.

UMEME ULIPOKUJA

Karne ya 19 watu wakaanza kutengeneza taa za umeme unaoruka kati ya vijiti viwili vya kaboni. Mwanga mkali ajabu. Mwaka 1858 daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliandika kuhusu watu walioungua ngozi na kuumwa macho baada ya majaribio ya umeme wa aina hiyo. Wengi walidhani ni joto. Mpaka 1889, daktari wa macho wa Sweden, Johan Widmark, alipoonyesha kwamba mwenye kosa ni urujuanimno.

Sasa angalia: miaka hiyohiyo ya 1880, Nikolai Benardos wa Urusi alikuwa ameanza kutumia huohuo umeme unaoruka kuunganisha vyuma. Yaani moto wa fundi wako wa mageti ni mtoto wa ile taa. Umri wake unazidi miaka 140, na madhara yake kwa jicho ni yaleyale.

Na kwetu moto huu umeongezeka. Umeme umesogea, Rusumo pale mpakani kuna mtambo wa megawati 80 tunaogawana na Rwanda na Burundi, na laini yake inakuja mpaka Nyakanazi. Ni jambo jema mno, hata chanjo zinakaa vizuri kwenye friji. Lakini umeme unapofika, mafundi wa madirisha na mageti nao wanafika, na wengi wanafanyia kazi barazani, pembeni ya barabara, palepale mama anapouza ndizi na mtoto yuko mgongoni.

TAA HIYOHIYO IKAWA DAWA

Usidhani mwanga huu ni shetani. Mwaka 1877 Waingereza Downes na Blunt walionyesha kwamba mwanga wa jua unaua bakteria. Niels Finsen, daktari wa Denmark, akatibu kifua kikuu cha ngozi kwa taa za umeme, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903. Miaka ya 1930 Mmarekani William Wells akaweka taa za UV kwenye madarasa ili kupunguza surua. Taa zile hazikuelekezwa usoni mwa watoto. Ziliwekwa juu, zisafishe hewa ya juu. Hilo ulishike.

Na hii nayo inakuhusu wewe uliyejifungua. Mwaka 1956, kwenye hospitali ya Rochford huko Uingereza, muuguzi anaitwa Sister Ward alikuwa anatoa vichanga nje bustanini wapate jua. Akaona ngozi iliyopigwa na jua inapoteza ile rangi ya manjano, iliyofunikwa inabaki na manjano. Muuguzi, siyo profesa! Kutokana na alichokiona, Dkt. Richard Cremer na wenzake wakatengeneza taa, wakachapisha matokeo mwaka 1958. Ndiyo chanzo cha taa za buluu tunazowawekea vichanga wenye manjano.

Kwa hiyo ukiambiwa mtoto awekwe chini ya taa, usimkimbize nyumbani kwa kuogopa nilichoandika hapo juu. Taa ile kazi yake inafanywa na mwanga wa buluu, siyo UV, na macho ya mtoto tunayafunika kwa sababu mwanga ni mkali. Kazi yako ni kuangalia kitambaa kisishuke, na kunyonyesha mara kwa mara. Manjano yakizidi yanaharibu ubongo. Kumwanika mtoto juani nyumbani hakuwezi kuchukua nafasi ya hospitali.

TAA ZA MTANDAONI

Corona ilipoingia 2020, watu duniani wakaanza kununua taa za UV za kuua vijidudu. Shirika la Afya Duniani likasema wazi: msizitumie kusafisha mikono wala ngozi. Ubaya wa taa hizi, mwanga unaoonekana ni hafifu, kama wa buluu hivi, jicho halishtuki. Novemba 2023 huko Hong Kong watu walihudhuria sherehe yenye mapambo ya taa, wakarudi kulala, wakaamka na maumivu makali ya macho. Baadaye waandaaji walisema kulikuwa na taa za UV kwenye kona mojawapo. Watu wazima, mji tajiri, na bado mwanga uliwapita.

Hapa Biharamulo tulipopambana na Marburg mwanzoni mwa 2025, silaha zilikuwa maji, sabuni, klorini, kuwatenga wagonjwa na kufuatilia waliokutana nao. Nyumbani kwako sabuni inatosha. Taa ya kuua vijidudu usiiweke chumba cha mtoto.

IKISHATOKEA, FANYA HIVI

1. Mtoe kwenye mwanga. Mlaze chumba chenye giza.
2. Mwambie asisugue macho. Mdogo mshike mikono.
3. Weka kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope zilizofungwa.
4. Mpe parasetamo kwa kipimo cha uzito wake.
5. Kukicha mpeleke zahanati au kituo cha afya, useme mapema: "Jana alikuwa karibu na fundi wa kuchomelea." Sentensi hiyo inaokoa muda mwingi. Anaweza kuandikiwa dawa ya kupaka jichoni ya kuzuia maambukizi.

Mara nyingi jicho linapona ndani ya siku moja mpaka tatu, kwa sababu kilichoungua ni ngozi laini ya juu ya kioo cha jicho, na inaota upya.

USIFANYE HAYA

Usiweke maziwa ya mama, mkojo, majani ya chai wala dawa ya majani. Utafiti uliochapishwa 1994 kuhusu wagonjwa wenye vidonda kwenye kioo cha jicho hapa Tanzania ulikuta karibu robo yao walikuwa wametumia dawa za kienyeji. Jicho lililoungua ni kidonda kilicho wazi, ukiliwekea uchafu unaligeuza la siku tatu kuwa kovu la maisha.

Usitafute matone ya ganzi kwenye duka la dawa. Ganzi ya jicho imejulikana tangu 1884, na inasaidia sana wakati wa kupimwa. Ukiirudiarudia nyumbani, kidonda hakifungi. Na matone yaliyobaki ya jirani, hasa yenye steroidi, yaache hukohuko.

WAHI HOSPITALI ukiona doa jeupe kwenye mboni, usaha, kuona kumepungua, maumivu yamefika siku ya pili hayapungui, au kama fundi alikuwa anatumia grainda, maana kipande cha chuma kinaweza kuwa kimeingia. Hapo usisubiri.

Kwa leo, kazi ni moja. Kama fundi yuko jirani na genge lako au na njia ya shule, nenda mwombe kwa heshima asimamishe bati au turubai upande wa watoto. Wengi ni waelewa, nao wana watoto. Na baba akiwa ndiye fundi, mnunulie kofia yenye kioo cha giza kabla ya kununua kingine chochote.

Sehemu ya 4 nitaongelea vichanga na usaha wa macho. Mtumie mama mwenzako hii, hasa anayekaa karibu na gereji.