Petroli Ilipoachana na Risasi



Kwa miongo mingi, moshi wa magari jijini Kampala ulibeba risasi, madini yanayodhuru ubongo wa watoto. Ilianza kutiwa kwenye petroli huko Marekani miaka ya 1920 ili injini zisigonge.

Juni 2001, mjini Dakar, nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliazimia kuondoa risasi kwenye petroli ifikapo 2005. Uganda, inayopitishia mafuta yake mengi Mombasa, ilikuwa katika safari hiyo pamoja na jirani zake.

Januari 2006 eneo zima la kusini mwa Sahara likaachana na petroli yenye risasi. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani kuiacha, mwaka 2021.