Biashara ya nyumbani mtandaoni

Biashara ya nyumbani mtandaoni ni uuzaji wa bidhaa au huduma unaoendeshwa nyumbani kwa muuzaji, bila fremu ya duka wala kibanda, wateja wakipatikana na kuhudumiwa kwa simu. Makala hii inahusu hasa Tanzania Bara na Kenya. Bidhaa zilizozoeleka ni madera, vitenge, mitumba ya kuchagua, viatu, vipodozi, vyombo vya jikoni, keki, ubuyu, achari na sabuni ya maji. Upande wa huduma kuna ushonaji, usanifu wa matangazo, tafsiri na masomo ya ziada. Mabaibui, udi na manukato ya Dubai na Maskati yana soko lake maalumu, hasa mwambao.

Kwa kuwa muuzaji na mnunuzi hawaonani, kila oda huanza na swali moja: nani atangulize, mwenye pesa au mwenye mzigo? Zana nyingi zinazoelezwa hapa chini zimedumu kwa sababu zinalijibu swali hilo, na nyingine zimeachwa kwa sababu zilishindwa.

## Chimbuko

Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya Machi 2007, na Vodacom ikaileta Tanzania mwaka uliofuata. Kabla ya hapo muuzaji aliweza kunadi kwa simu, lakini pesa ilibidi ije kwa mkono, kwa konda wa basi au kwa benki. Facebook, kisha Instagram iliyoanza 2010, zikawapa wauzaji pa kutundika picha bila kulipa pango. Hilo lilikuwa na uzito wa pekee Dar es Salaam, ambako mwenye fremu Kariakoo hutakiwa kutoa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na mara nyingi kilemba, yaani malipo ya kupewa fremu, juu yake.

Masoko makubwa ya mtandaoni nayo yalijaribu bahati. Jumia, iliyoanzishwa Lagos 2012, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, miezi michache tu baada ya kuorodhesha hisa zake New York. Kenya ilibaki, ikishindana na Kilimall. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona na, kwa Kenya, amri ya kutotoka nje usiku iliyoanza 27 Machi, viliwasukuma wauzaji wengi zaidi kwenye simu.

## Malipo

Hii ndiyo nguzo ya biashara yenyewe. Nchini Kenya, Lipa na M-Pesa ilianza 2013 na kumpa mfanyabiashara namba ya till, mteja akilipa bila kuhitaji namba binafsi ya muuzaji. Mwaka 2021 ikaja Pochi la Biashara, iliyowalenga wachuuzi wadogo: pesa ya mauzo huingia kwenye mfuko wake, mbali na pesa ya mwenye simu. Tanzania ina Lipa Namba kwa kila mtandao. Faida kubwa ya namba hizi, ambayo wauzaji wapya huchelewa kuiona, si urahisi wa kulipa. Ni kwamba mwisho wa mwezi taarifa ya miamala hueleza mauzo yalikuwa kiasi gani, bila kuchanganyika na pesa ya ada ya mtoto, mchango wa harusi na ya dawa aliyotumiwa mama.

Tanzania ilitangulia nchi nyingi za Afrika katika kuunganisha mitandao ya pesa. Makubaliano ya kwanza baina ya kampuni yalikuja 2014 na Vodacom ikajiunga 2016, hivyo mteja wa Airtel Money anaweza kumlipa muuzaji wa M-Pesa bila kumtafuta wakala. Bado ni busara kuweka kwenye tangazo jina kamili litakalotokea mteja akipiga namba. Duka likiitwa kwa jina la kupendeza na muamala ukaleta jina la mwanamume asiyejulikana, mteja makini husitisha hapohapo.

Gharama za miamala zimewahi kutikisa biashara hii. Julai 2021 serikali ya Tanzania ilianza kutoza tozo ya miamala ya simu. Malalamiko yalikuwa makubwa, na Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Muuzaji anapaswa kutamka tangu mwanzo iwapo bei yake ni "na ya kutolea" au la, kwani shilingi mia chache zinazobishaniwa baada ya oda huharibu uhusiano kuliko punguzo lililokataliwa mapema.

Mifumo ya kulipa iko mitatu. Kulipa kwanza humlinda muuzaji peke yake. Lipa ukipokea humlinda mnunuzi, nayo humtesa muuzaji: bodaboda akifika mlangoni, simu ya mteja haipatikani. Mfumo wa kati ni malipo ya awali, nusu au angalau nauli ya kupeleka, salio likilipwa mzigo ukikaguliwa. Kwa keki na nguo za kushona, ambazo haziwezi kuuzwa kwa mtu mwingine, nusu kwanza imekuwa kama sheria.

Malipo kutoka nje ya nchi ni magumu zaidi. Kwa Kenya, PayPal iliunganishwa na M-Pesa Aprili 2018.

## Duka ndani ya simu

WhatsApp Business, programu ya bure iliyotolewa Januari 2018, ndiyo zana inayotumika zaidi. Ina katalogi ya bidhaa na bei, ujumbe wa salamu unaojituma wenyewe, majibu ya mkato kwa maswali yanayorudiwa ("mnapatikana wapi?", "bei ya mwisho?") na lebo za kupanga wateja: aliyelipa, anayesubiri mzigo, anayeulizia tu. Lebo ndizo zinazopuuzwa zaidi, na ndizo zinazofaa zaidi pindi oda zinapozidi kumi kwa siku.

Orodha ya matangazo ya WhatsApp hupokea watu 256, lakini ujumbe hufika kwa wale tu waliohifadhi namba ya muuzaji. Ndiyo maana wauzaji wenye uzoefu humwambia mteja, "Nisevu kwa jina la duka uwe unaona mzigo mpya." Kundi la WhatsApp huwafikia wote, ila wateja huona namba za wenzao, washindani hujipenyeza, na mtu mmoja mwenye lalamiko anaweza kuharibu mauzo ya siku nzima.

Laini ya biashara inafaa kuwa tofauti na laini ya nyumbani, na iwe imesajiliwa kwa kitambulisho cha mwenyewe. Tanzania laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa Januari 2020. Aliyejenga wateja kwenye laini ya shemeji au ya wakala hana biashara yake siku laini hiyo ikifungwa.

Mitandao yenyewe pia hukatika. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora kwa siku kadhaa. Majina na namba za wateja yaandikwe mahali pengine nje ya simu, na ujumbe mfupi wa kawaida usidharauliwe.

## Picha na bei

Mwanga wa asubuhi mlangoni au dirishani, shuka jeupe nyuma na lenzi iliyofutwa vinatosha. Taa ya duara ni ya wanaopiga usiku. Canva hutumika kwa matangazo na CapCut kwa video fupi. Kwa mitumba, doa na tundu vipigwe picha zake, maana mzigo unaorudishwa hula nauli mara mbili. Picha zilizochotwa kwenye tovuti za China ndizo chanzo cha ugomvi maarufu wa alichoagiza mteja na alichopokea.

Desturi ya kuficha bei na kumwita mteja "njoo DM" imeenea sana Instagram. Watetezi wake husema inawaficha washindani bei na kuanzisha mazungumzo. Mteja mwenye haraka haendi DM. Anakwenda kwa jirani aliyeandika bei.

## Usafirishaji

Ndani ya mji kazi hii hufanywa na bodaboda. Muuzaji wa kudumu huwa na vijana wawili watatu anaowafahamu, si mmoja, na hukusanya oda za upande mmoja kwa safari moja; kwa Dar es Salaam, Mbagala na Kigamboni leo, Tegeta na Bunju kesho. Programu za usafiri kama Bolt hutumika kwa vifurushi pia, ingawa huduma huyumba. Uber ilisimamisha kazi Tanzania Aprili 2022 na kurejea Januari 2023. Ratiba iliyotangazwa, kwa mfano oda mwisho saa 4 asubuhi na bodaboda kuondoka saa 5, hupunguza simu za "mzigo umefika wapi?"

Mikoani mzigo huenda kwa basi. Dar es Salaam kitovu kilikuwa Ubungo hadi Februari 2021, stendi ya Magufuli ilipofunguliwa Mbezi Luis, na wauzaji wa Ilala na Temeke wakaongezewa safari ndefu. Wengi hutumia ofisi za mabasi zilizo karibu na mjini. Utaratibu ni uleule: mzigo ufungwe kwa gundi pande zote, jina la mpokeaji, mkoa na namba ya simu viandikwe juu na karatasi ya pili iwekwe ndani, kwa kuwa ya juu ikichanika kwa mvua mzigo hubaki hauna mwenyewe. Risiti ipigwe picha na kutumwa kwa mteja pamoja na jina la basi na saa ya kuondoka. Picha hiyo humtuliza mteja aliyekwishalipa kuliko maneno yoyote ya kumbembeleza. Nauli ya mzigo ielezwe mapema nani anailipa, na iwapo mpokeaji atalipia stendi.

Nairobi vifurushi hupita kwenye ofisi za shato na sako za matatu katikati ya mji, au kwa mtandao wa mawakala wa Pickup Mtaani, ambako mteja huufuata mzigo duka la karibu naye. Kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja mzigo hupanda boti.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017 na Tanzania tangu 1 Juni 2019, hivyo wauzaji hufungia mifuko mbadala au karatasi.

## Hesabu

Kosa linalofilisi wengi ni kutoa bei ya kununulia kwenye bei ya kuuzia na kuita tofauti hiyo faida. Chukua mfano wa muuzaji anayenunua madera 20 Kariakoo kwa shilingi 12,000 moja. Nauli ya kwenda na kurudi ni 10,000, sawa na 500 kwa kila dera. Mfuko ni 300. Bando la mwezi ni 30,000, na akiuza madera 60 kwa mwezi kila moja hubeba 500. Dera limefika 13,300 kabla halijatoka nyumbani. Akiliuza 18,000 anabaki na 4,700. Akitangaza "kuletewa bure" na bodaboda akadai 5,000, amemlipa mteja shilingi 300 achukue nguo, na hapo hajahesabu muda wake.

Kaunta buku lenye safu za tarehe, jina, bidhaa, kilicholipwa, kilichobaki na mzigo ulipo linatosha kwa miaka ya mwanzo. Wanaopenda simu hutumia Google Sheets. Mikopo ya haraka, ile inayoitwa kausha damu, haifai kwa mzigo unaoweza kulala wiki tatu. Wengi huanza kwa kuchukua oda na malipo ya awali, kisha ndipo wanakwenda sokoni kununua.

## Sheria na kodi

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania, ya 2015, inautambua mkataba uliofungwa kwa njia ya kielektroniki. Jina la biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. TIN, yaani namba ya mlipakodi, hutolewa bure na Mamlaka ya Mapato (TRA). Kwa viwango vya makadirio vilivyowekwa 2019, mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato. Kenya hutoza kodi ya mauzo ya asilimia 3 tangu Julai 2023 kwa mauzo kati ya shilingi za Kenya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Vyakula na vipodozi Tanzania viko chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019, vilipohamishwa kutoka Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa 1973, hufundisha usindikaji na ufungashaji.

Kuposti skrinshoti za mazungumzo ili kuonyesha "wateja wanavyotukubali" kuna hatari yake. Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi ya Tanzania ilianza kutumika 1 Mei 2023. Kenya ina sheria kama hiyo tangu 2019, na Septemba 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha za mteja bila ridhaa yake. Jina, namba na uso vifichwe, au mwenyewe aombwe kwanza.

## Utapeli

Ujumbe wa uongo wa malipo ndio unaowapata wauzaji zaidi. Ujumbe wa kweli huja kwa jina la huduma, si kwa namba ya simu. Hata hivyo kinga ya uhakika ni kuangalia salio kabla ya kuachia mzigo, hata bodaboda akipiga honi. Kenya, aliyetuma pesa kimakosa hupeleka ujumbe wa muamala kwenye namba 456. Tanzania, namba za matapeli, wakiwamo wale wa "ile hela itume kwenye namba hii", huripotiwa kwenye namba 15040, na *106# huonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu. Ziko pia semina za kulipia za kufundisha biashara mtandaoni, ambazo mara nyingine ndiyo biashara pekee ya mtandaoni aliyowahi kuifanya mwalimu.

## Umeme

Kwa kuwa duka zima liko kwenye simu, umeme wa Luku ujazwe mapema na pawabenki iwe na chaji.

## Hali ya sasa

Instagram na WhatsApp zinaendelea kutawala, TikTok ikikua kwa wauzaji wanaokwenda laivu. Novemba 2024 Tigo ya Tanzania ilibadilisha jina kuwa Yas na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Namba za wateja hazikubadilika.