Ndoa Zilizoandikwa na Ndoa Zilizokataliwa: Kuyasoma Madaftari ya Kanisa ya Uswisi

Daftari la ndoa la parokia kongwe ya Uswisi ni kitabu cha maneno machache. Aghalabu ndoa nzima inakaa katika mistari miwili au mitatu: tarehe, jina la bwana harusi, jina la bibi harusi, mahali kila mmoja anakonasibishwa, na pengine majina ya mashahidi. Hamna sifa wala neno la mapenzi. Walakini kwa mwenye kutafuta nasaba yake, mistari hiyo huwa na uzito kama wa ubeti. Kila neno limewekwa kwa kazi maalumu, na atakayelipita moja kwa haraka huenda akajikuta analilia kaburi la babu asiye wake.

Madaftari haya hayakuanzishwa kwa ajili ya wapenzi wa nasaba. Yalizaliwa na ugomvi. Kabla ya karne ya 16, kwa sheria ya Kanisa, mume na mke waliopeana ahadi kwa hiari zao walihesabiwa kuwa wameoana, hata kama hapakuwa na padri wala shahidi. Na mmoja wao alipoikana ahadi ile, kadhia ilikosa pa kushikika. Mji wa Zürich, uliofuata mafunzo ya Zwingli, uliunda mahakama ya ndoa mwaka 1525, na Bern ikafuata njia hiyo baada ya kuipokea dini mpya mwaka 1528. Kwa upande wa Wakatoliki, Mtaguso wa Trento uliamuru mwaka 1563 kuwa ndoa ifungwe mbele ya padri na mashahidi wawili, baada ya kutangazwa mara tatu kanisani, na iandikwe. Kwa hivyo asili ya daftari ni ushahidi wa mahakamani, na yafaa lisomwe kwa jicho hilo.

Kizuizi cha kwanza ni mwandiko. Mapadri wa Kikatoliki waliandika Kilatini. Wachungaji wa Kiprotestanti wa majimbo ya Kijerumani waliandika Kijerumani kwa hati ya Kurrent, ambayo herufi zake kadhaa hufanana mno. Aliyewahi kukaa na utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu zisizotiwa irabu ataifahamu taabu hiyo: msomaji hulazimika kulijua neno kabla ya kuliona. Majina nayo hubadili nguo. Joannes wa daftari la Kilatini ndiye Johann wa hati ya serikali na Hans wa mtaani. Udalricus ni Ulrich. Mwanamke wa ukoo wa Müller huandikwa Müllerin, na mgeni akaja akadhani amegundua ukoo mwengine.

Liko neno moja la Kilatini linalostahili kukaliwa nalo kitako, nalo ni relicta. Likifasiriwa neno kwa neno ni "aliyeachwa", na kwa Mswahili aliyeachwa ni aliyepewa talaka. Katika madaftari haya maana yake ni mjane: aliyeachwa na marehemu. Mbele yake hutajwa jina la mume aliyekufa, na wengi wamelichukua jina hilo wakalifanya la baba wa bibi harusi, wakapanda mti wa nasaba usiokuwa wao. Kadhalika neno weiland la Kijerumani, dogo kiasi cha kutoonekana, likitangulia jina la baba huwa linaarifu kuwa siku ya harusi baba huyo alikwisha fariki.

Ama fumbo kubwa kuliko yote ni mahali. Mtafiti huona jina la kijiji pembeni mwa jina la bwana harusi, akafunga safari hadi huko kutafuta ubatizo, asiupate. Kosa si la daftari. Kijiji kile ni Heimatort, yaani kijiji ambacho mtu ni raia wake kwa kurithi kwa baba, na si lazima awe amezaliwa au amewahi kulala humo hata usiku mmoja. Ni mfano wa nisba: humfuata mtu popote aendapo, na baada ya vizazi vitatu huwa inaeleza alikotoka babu wa babu. Mpaka leo pasi ya Mswisi hutaja Heimatort wala haitaji mahali alipozaliwa. Kiko kitabu cha majina ya koo za Uswisi kinachoonyesha kila ukoo uliokuwa na uraia wa kijiji mwaka 1962 ulikuwa raia wa wapi, na mara nyingi tangu lini. Mtafiti mwenye busara huanzia hapo.

Nisba hii haikuwa pambo. Kijiji kilichokuwa na jina lako ndicho kilichowajibika kukulisha ukifukarika. Kwa hivyo wakuu wa kijiji waliiangalia kila ndoa kwa jicho la mlipaji. Bwana harusi akioa mwanamke wa nje, sehemu nyingi alitozwa ada ya kumwingiza. Akiwa fukara, au akiwa bado hajarudisha msaada aliowahi kupewa, ndoa yake ingeweza kukatazwa kabisa. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 makatazo hayo yalikaza katika majimbo kadhaa, na wako Wakatoliki maskini waliokwenda kwa miguu hadi Roma kutafuta padri wa kuwafungisha. Wengine waliishi pamoja bila ya ndoa, wakazaa, wakazeeka. Daftari halina mstari wao. Mtafiti anayekuta pengo hudhani ukurasa umeliwa na mchwa, kumbe pengo lenyewe ndiyo habari.

Mambo ya kalenda ni mepesi kwa anayeyajua. Majimbo mengi ya Kikatoliki yalichukua kalenda ya Papa Gregori mwaka 1584. Yale makubwa ya Kiprotestanti yalingoja hadi mwaka 1701. Na vijiji vingine vya Graubünden vilishikilia ya kale mpaka mwanzoni mwa karne ya 19. Hivyo majirani wawili waliweza kutofautiana siku kumi kwa Jumapili ile ile. Wakatoliki tena hawakufunga ndoa kwa sherehe wakati wa Majilio na Kwaresima, ndiyo maana harusi zinasongamana Januari na Februari. Na si kila tarehe ni ya harusi: baadhi ya madaftari huandika siku ya kutangazwa tu, na ndoa ikafungwa parokia nyengine.

Mwanamke, akishaolewa, aliipoteza nisba ya kwao akapewa ya mumewe. Katiba ya shirikisho ya mwaka 1874 ililithibitisha jambo hilo katika kifungu cha 54, na desturi hiyo haikuondoka kabisa hadi mwaka 2013. Lakini kifungu hicho hicho ndicho kilichovunja pingu za mafukara: ndoa haikuweza tena kuzuiwa kwa sababu ya umaskini wala ya dini. Tangu tarehe 1 Januari 1876 uandishi wa ndoa uliondoka mikononi mwa makanisa, ukawa wa serikali.

Kifungu hicho kilikuwa na sentensi nyengine, kwamba watoto waliozaliwa kabla ya ndoa huwa halali wazazi wao wanapooana. Kwa hivyo aliyekosa ndoa ya babu zake katika daftari la zamani afungue la ubatizo, atafute mtoto aliyeandikwa kwa jina la mama peke yake. Huenda pembeni, kwa wino tofauti na mkono wa mwandishi aliyekuja miaka mingi baadaye, akalikuta jina la baba.