Siri ya malkia ilikuwa kichwani mwa mlezi

Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya waliamini kuwa mzinga una mfalme. Aristotle aliandika hivyo, na waliomfuata wakanakili. Katika karne ya 17 Mholanzi Jan Swammerdam alimpasua huyo mfalme chini ya hadubini, akakuta ovari. Hata hivyo imani moja haikuguswa: kwamba malkia huzaliwa malkia, na wengine huzaliwa vibarua.

Aliyeivuruga ni mchungaji wa kanisa huko Saxony, Adam Gottlob Schirach, katika miaka ya 1760. Alichukua kipande cha sega chenye majana machanga ya vibarua, akakifungia pamoja na nyuki wasio na malkia. Nyuki wakapanua vijumba vichache, wakayalisha majana yaliyomo, na malkia akatoka. Wengi hawakumwamini. François Huber wa Geneva, kipofu aliyetazama kwa macho ya mtumishi wake François Burnens, alirudia majaribio hayo akayathibitisha katika kitabu chake cha 1792. Basi yai ni lile lile. Kibarua hutoka kijumbani siku ya 21, malkia siku ya 16 tu, na ovari zake zinaweza kutaga mayai zaidi ya 1,500 kwa siku. Kinachowatenga ni malezi, hasa ule ute mweupe, mchachu, ambao wafugaji wetu huuita maziwa ya nyuki.

Tangu hapo macho yote yakamwelekea anayelishwa. Kwa maoni yangu, tulimtazama malkia kupita kiasi. Kiwanda kimo kichwani mwa kibarua: tezi mbili ndefu zilizojikunja, kila moja imebeba vifuko vidogo kwenye mrija wake kama zabibu kwenye kishada. Kibarua mchanga akila chavua ya kutosha, vifuko hivyo huvimba, naye huwa mlezi kwa wiki moja hivi au mbili. Akianza kuruka kutafuta nekta, tezi husinyaa.

Je, ni umri unaozifunga? Gustav Rösch, mwanafunzi wa Karl von Frisch huko Ujerumani, alilipima hilo kufikia mwaka 1930 kwa kuwatenga nyuki wazee na vijana. Wazee walioachiwa majana bila vijana wa kuwasaidia walirudia ulezi, na baadhi yao tezi zikajaa upya. Kazi ndiyo iliyoiamuru tezi.

Namna inavyoiamuru ilionekana Tokyo mwaka 1996, pale kundi la Takeo Kubo lilipolinganisha protini za tezi hizo. Kwa mlezi walikuta protini za maziwa. Kwa nyuki anayeruka kutafuta nekta, tezi ile ile ilikuwa inatengeneza kimeng'enya kinachovunja sukari ya nekta ili iwe asali. Jeni zote zimo katika kila chembe. Zinazofanya kazi ndizo hubadilika. Tezi inayomlea malkia ndiyo hiyo hiyo inayotusaidia kupata asali, jambo ambalo wauzaji wa vichupa vya maziwa ya nyuki hawana haja ya kulitaja.

Jenomu ya nyuki ilipochapishwa mwaka 2006, ilionekana kuwa jeni za protini kuu za maziwa hayo ziko tisa, zimepangana pamoja. Miaka miwili baadaye watafiti wa Canberra, Australia, walizima katika majana kimeng'enya kinachoweka alama za kikemia juu ya DNA, na mengi yakatoka na ovari za kimalkia. Mwaka 2011 Mjapani Masaki Kamakura alitangaza kuwa protini moja, royalaktini, ndiyo imfanyayo malkia. Habari ilivuma, lakini mwaka 2016 Anja Buttstedt na wenzake wa Ujerumani waliandika kuwa hawakupata ushahidi wa dai hilo.

Ni Buttstedt huyo huyo aliyeonyesha mwaka 2018 jambo ambalo kwangu linavutia kuliko yote. Kijumba cha malkia huning'inia mdomo ukitazama chini, na jana halianguki. Protini hutoka kwenye tezi za kichwani, asidi za mafuta kwenye tezi za taya. Zikichanganyika, uchachu hupanda, protini hushikana kuwa nyuzi, na ute huwa mzito wa kutosha kulishikilia jana juu. Uchachu ukipunguzwa, jana hudondoka.

Sokoni historia ilikwenda njia nyingine. Papa Pius XII alipougua mwaka 1954, habari zilienea kuwa daktari wake alimpa maziwa ya nyuki, na biashara ikachangamka. Mwaka 2011 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilikataa madai ya kiafya yaliyowasilishwa kwa bidhaa hiyo, kwa kukosa ushahidi.

Leo sehemu kubwa ya maziwa hayo hutoka China. Kuanzia miaka ya 1980, wafugaji wa Zhejiang waliteua makundi ya nyuki wa asili ya Italia kwa kigezo kimoja, uzito wa maziwa, hadi kundi moja likaweza kutoa zaidi ya kilo 10 kwa mwaka. Watafiti wa Beijing walipozifungua tezi za nyuki hao, walikuta protini za kutengenezea protini nyingine na za kuzalisha nishati zikiwa nyingi kuliko kwa nyuki wa Italia wasioteuliwa.