Majina Kwanza, Matofali Baadaye: Askari wa Kwetu na Haja ya Ukumbi wa Mashujaa



Kitabu cha harambee ya mwaka mmezoea kukiona na maombi ya madarasa, maji na zahanati. Mwaka huu tunaongeza ombi moja la aina nyingine: tujenge nyumbani Ukumbi wa Mashujaa, mahali pa kuwaheshimu wazee wetu waliovaa sare za jeshi, pamoja na wale waliokwenda vitani bila sare. Tunajua swali litakaloulizwa. Kwa nini tuchangie habari za zamani wakati mahitaji ya leo hayajaisha? Jibu letu limo katika historia ya nchi hii ya Makonde, na tunaomba mtuvumilie tuisimulie kwa ufupi.

Nchi ya mpakani

Ukisimama Newala, pale Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma liko chini yako na Msumbiji iko ng'ambo. Kukaa mahali kama hapa kuna gharama yake. Kila mwenye bunduki aliyetaka kuingia au kutoka kusini mwa nchi hii alipita kwetu, akala chakula chetu na kuchukua vijana wetu.

Mwaka 1890 Machemba, kiongozi wa Wayao aliyekuwa na makao yake Luagala, hapa hapa uwandani, alimwandikia barua kwa Kiswahili Hermann von Wissmann, kamishna wa Wajerumani. Alikataa katakata kuwa mtumwa wa amri za mgeni. Urafiki aliukubali, utii hakuukubali. Wajerumani walihangaika naye kwa miaka tisa. Walipoiteka Luagala mwaka 1899, Machemba alivuka Ruvuma na watu wake.

Agosti 1905 vita vya Majimaji vikafika Masasi na misheni ikachomwa moto. Hata hapo watu wetu hawakuwa upande mmoja: Nakaam wa Chiwata aliwapinga wapiganaji wa Majimaji kwa silaha. Jambo hili tulikumbuke, kwa sababu tutalirudia tutakapouliza nani aingie ukumbini.

Vita vya Wajerumani na Waingereza

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Makonde paligeuka uwanja wa mapambano. Septemba 1916 Wareno walivuka Ruvuma, na Oktoba wakapanda na kuiteka Newala. Hawakukaa mwezi mmoja na nusu. Wajerumani waliwazingira na kuwatenga na maji, na mwishoni mwa Novemba Wareno wakarudi mbio kusini. Mtu wa kwetu haelezwi maana ya kutengwa na maji. Bibi zetu walishuka na kupanda mteremko kila siku na mitungi kichwani miaka mingi kabla ya bomba kufika uwandani.

Mwaka uliofuata yalikuja makubwa zaidi. Tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917 watu waliuana kwa maelfu pale Mahiwa, kwenye barabara ya Lindi na Masasi. Baada ya hapo jeshi la Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck lilirudi nyuma kupitia Chiwata, Kitangari na Newala, na tarehe 25 Novemba likavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Wakati huo lilikuwa limebaki na askari wasiofika 2,000, na wapagazi waliowazidi askari hao kwa idadi.

Hao wapagazi ndio tunaowataka msomaji awatazame. Katika vita ile hapakuwa na magari ya kutosha, wala punda na ng'ombe hawakustahimili mbung'o. Risasi, unga na majeruhi vilibebwa kichwani na mabegani. Mpagazi alichukuliwa shambani au barabarani, akafungwa mzigo, akatembea mpaka alipoanguka. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na njaa, kuhara damu, homa na baridi. Kwa upande wa Waingereza peke yake hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa ilizidi 40,000, na wanahistoria wengi huona kuwa idadi ya kweli inaweza kuwa mara mbili ya hiyo.

Wamekumbukwaje? Dar es Salaam jina la Kariakoo limetokana na jeshi hilo la wapagazi, la "Carrier Corps", ambalo kambi yake ilikuwa pale. Mwaka 1927 ikazinduliwa Sanamu ya Askari katikati ya mji, na maneno yake yakachongwa kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Sanamu ni nzuri, lakini ukiizunguka pande zote hutasoma jina hata moja la mtu. Tumebaki na soko na askari mmoja wa shaba kwa niaba ya maelfu.

Wazee wa Keya

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Waingereza waliandikisha tena. Batalioni ya 6 ya King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya, ilikuwa ya Tanganyika, na zikaongezwa nyingine. Watanganyika zaidi ya 80,000 walihudumu katika vita ile. Walipigana Ethiopia dhidi ya Waitaliano mwaka 1941, wakapelekwa Madagaska mwaka 1942, kisha Burma, ambako mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilisukumana na Wajapani katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, kwenye matope na malaria.

Waliokufa Burma bila kaburi wameandikwa majina yao katika mnara wa Taukkyan, karibu na Rangoon. Mnara huo una majina karibu 27,000 ya wanajeshi wa Jumuiya ya Madola, na askari wa Keya wamo. Fikiri hilo kidogo. Askari wa Afrika Mashariki anaweza kusomwa jina lake katika jiwe huko Asia, na kijijini kwake pasiwe na hata ubao wa mninga unaosema kwamba mtu huyu alizaliwa hapa.

Na yule aliyerudi salama ana hali ngumu zaidi, kwa maana minara huandikwa waliokufa. Aliyerudi alipokea kiinua mgongo kidogo na labda medali, akarudi kwenye mihogo na mikorosho yake, akafa kitandani. Historia yake iliishia kwa wajukuu waliomsikia akihesabu kwa maneno ya Keya au akitaja miji ambayo hawakuijua.

Ng'ambo ya Ruvuma

Sura inayofuata ni yetu kuliko zote, kwa sababu Wamakonde wa huku na wa huko ni ndugu na mto haukuwatenganisha. Tarehe 16 Juni 1960 Wareno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika Mueda kudai haki zao. Mwaka 1962 FRELIMO ikaundwa Dar es Salaam. Tarehe 25 Septemba 1964 vita vya ukombozi vikaanza Chai, katika Cabo Delgado, na kuanzia hapo kusini mwa Tanzania pakawa nyuma ya uwanja wa vita. Wapiganaji walifunzwa Nachingwea. Majeruhi walitibiwa katika hospitali ya FRELIMO pale Mtwara. Wakimbizi walivuka kwa maelfu, na wengi wakapewa ardhi Rutamba, Lindi. Ndege za Wareno zilivuka mpaka na kupiga vijiji vyetu, na mabomu ya kutegwa ardhini yaliwakata miguu wakulima waliokuwa wakienda mashambani bondeni.

Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964, lililinda mpaka huo miaka yote kumi ya vita. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Baadaye, kati ya mwaka 1986 na 1988, wanajeshi wetu walivuka tena kuisaidia nchi hiyo dhidi ya RENAMO. Waliopoteza maisha yao kwa ajili ya Msumbiji wamelala katika makaburi ya mashujaa ya Naliendele, Mtwara. Kama hujawahi kufika pale, pitia utakapokuja likizo. Na unapovuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lililofunguliwa mwaka 2010, kumbuka kwamba njia hiyo ililipiwa kabla ya saruji kumwagwa.

Kagera

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, upande wa pili kabisa wa nchi. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunavyo. Jeshi lilikuwa halifiki watu 40,000. Kwa kuita mgambo, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa, likapanda hadi zaidi ya 150,000. Vijana wa kusini waliopelekwa huko walisafiri kutoka Ruvuma hadi Ziwa Viktoria kwa malori na treni, kisha wengi wakaendelea kwa miguu. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Mashujaa wa vita hiyo wana makaburi yao Kaboya, wilayani Muleba.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule sasa anaikaribia 70. Aliyekuwa na umri huo vita vya Msumbiji vilipoanza amepita 80. Wa Burma wangekuwa wamepita 100. Kwa hiyo kila mwaka tunaoahirisha jambo hili, tunazika kurasa ambazo hazina nakala.

Nani aingie?

Katika kulijadili wazo hili wapo wanaosema ukumbi uwe wa maofisa na wenye nishani, ili uwe na hadhi. Wapo wanaosema aliyemtumikia Mjerumani au Mwingereza asiwemo, kwa kuwa alimpigania mkoloni. Hoja zote mbili zina uzito, lakini hatukubaliani nazo.

Kuhusu ya kwanza: tukipima kwa cheo, tutamwacha mpagazi, aliyebeba vita nzima kichwani. Tutamwacha mgambo aliyekwenda Uganda na kurudi kwenye jembe lake. Tutawaacha akina mama wa bondeni waliowapikia wapiganaji na kuwaficha wakimbizi huku ndege zikipita juu. Heshima ya ukumbi itatokana na ukweli wa yaliyoandikwa humo, hata kama hakuna nyota begani.

Kuhusu ya pili: wengi wa wale hawakuchagua bwana. Walikamatwa, au walifuata mshahara wa kulipia kodi. Wengine walikuwa na sababu zao, kama Nakaam alivyokuwa na zake. Ukumbi hautamsafisha mtu wala kumhukumu. Utaandika jina lake, jeshi alilolitumikia na mahali alipofika, na mjukuu atakayesoma atafakari mwenyewe. Tukianza kuchuja kwa siasa za leo, kesho mwingine atachuja kwa za kwake, na mwisho ukuta utabaki mtupu.

Mfano wa karibu tunao. Jirani zetu wa Songea walijenga Makumbusho ya Majimaji, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yakiwa na sanamu za viongozi wa Wangoni. Kila Februari hukusanyika kuwakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Kwa sababu hiyo mtoto wa Songea anazijua habari za Nduna Songea Mbano kabla hajamaliza shule ya msingi. Wetu wanawajua nani?

Ombi letu

Tunapendekeza kazi hii ianze na majina, matofali yafuate. Jengo linaweza kusubiri misimu miwili ya korosho. Mzee wa miaka 85 hawezi.

Kila ukoo uandike watu wake katika daftari moja: jina la mtu na la baba yake, kijiji, jeshi au kazi aliyoifanya vitani, miaka, mahali alipofika, na jina la anayesimulia. Kama kuna cheti cha kuachishwa jeshi, kitabu cha malipo, picha, barua au nishani, msiitoe nyumbani. Ipigwe picha pande zote mbili. Wazee walio hai warekodiwe sauti, kwa Kimakonde, Kiyao, Kimakua au Kiswahili, lugha yoyote wanayoisemea vizuri. Vijana mlio vyuoni, kazi hii inawafaa mkiwa likizo, na simu mnazo.

Mchango wa fedha tunauomba kwa hatua mbili: kwanza madaftari, nauli za wakusanyaji na uchapaji wa orodha, pili chumba kimoja imara chenye ukuta wa majina, meza za kusomea na kabati la kufungwa. Mtoto anayesoma chini ya mwembe atapata humo pa kusomea jioni, kwa hiyo fedha hii haimnyang'anyi darasa lake. Mwenye kilo za korosho atoe kilo, mwenye mbao atoe mbao, mwenye ufundi atoe siku zake.

Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, taifa huweka mkuki na ngao, sime na mashada kwa heshima ya wote kwa pamoja. Tunataka siku hiyo, kwetu, jina moja moja lisomwe kwa sauti, na ukoo wake usimame likitajwa. Kabla hujatoa mchango wako, basi, mpigie simu mzee wa kwenu jioni hii umuulize nani alikwenda, na uandike.