Imani ya Bibi Salme

Wengi wanaomtaja Bibi Salme binti Said huipima imani yake kwa siku moja tu. Siku hiyo ni tarehe 30 Mei 1867, ambapo mjini Aden alibatizwa, akapewa jina la Emily, na papo hapo akaolewa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Wako wasemao kwamba siku hiyo alitoka katika Uislamu na shauri likaisha. Na wako wasemao kwamba siku hiyo ndipo nuru ilipomwingia. Kauli zote mbili zina pupa. Mja huyu aliishi karibu miaka 57 baada ya maji yale.

Alizaliwa mwaka 1844 katika kasri ya Mtoni, Unguja, baba yake akiwa Seyyid Said bin Sultan na mama yake Bibi Jilfidan, suria wa Kicherkesi. Alifundishwa kuisoma Kurani. Kuandika hakufundishwa, kwani haikuwa ada kwa watoto wa kike. Akajifundisha mwenyewe kwa siri, akizinakili aya za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kwa hiyo mkono uliokuja kuandika kitabu kwa Kijerumani ulifunguliwa na Kurani, jambo ambalo wanaomlaani na wanaomsifu hulipita mbio.

Aliihama Unguja mwaka 1866, mja mzito, katika manowari ya Waingereza. Yaelekea ubatizo ule ulikuwa mlango wa ndoa zaidi ya kuwa tunda la mafunzo. Mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa Aden, akafa katika safari ya kwenda Ujerumani. Huko Hamburg akazaa wengine watatu. Kisha, mwezi wa Agosti 1870, mumewe akafa kwa ajali ya tramu, naye Salme hajatimiza miaka 26. Barua zake, zilizochapishwa baada ya kufa kwake, zamwonyesha mtu aliyekwisha kung'olewa katika dini ya kwao, na hii mpya haijamshika. Ugeni wa lugha, baridi na ujane viliingia humo humo katika sala zake.

Mwaka 1886 alitoa kumbukumbu zake. Mle mna sura za Ramadhani na Idi zote mbili, nazo hazina dharau ya mtu aliyeikimbia dini yake, zina shauku. Akiisimulia safari yake ya 1885 ya kurudi Unguja, akiri kwamba alitoka Mwislamu mwema na Mwarabu kamili, na sasa ni Mkristo dhaifu asiyefika hata kuwa Mjerumani mzima. Na ungamo hilo alilitoa mbele ya wasomaji Wakristo! Nduguye Seyyid Barghash hakukubali kumpokea. Kwake yeye, siku ile ya Aden ilikuwa bado haijapita.

Hata hivyo hakurejea hadharani katika Uislamu, na wanawe aliwalea Kikristo. Alihamia Beirut, mji wa adhana na kengele, akakaa huko hadi 1914. Alifariki mjini Jena mwaka 1924. Alizikwa Hamburg, katika kaburi la akina Ruete, pamoja na kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja kilichokutwa katika vitu vyake.