Ruhr: Nani Aliamua, Nani Alilipa

Ruhr ni eneo la magharibi mwa Ujerumani lenye watu wapatao milioni 5, ambako Duisburg, Essen, Bochum, Dortmund na miji jirani imeungana hata mgeni hatambui ametoka mji upi na kuingia upi. Ni rahisi kuisoma historia yake kwa vipande: uchumi huku, siasa kule, maisha ya watu pembeni. Lakini makaa ya mawe yaliyolijenga eneo hili hayakutenganisha mambo hayo. Tangu mwanzo yalizusha maswali mawili: nani anaamua, na nani analipa?

Mwanzoni aliamua mwenye mali. Kiwanda cha Krupp kilianzishwa Essen mwaka 1811, na chini ya Alfred Krupp kikatajirika kwa magurudumu ya treni yasiyo na kiungo, kisha kwa mizinga. Krupp aliwajengea wafanyakazi wake nyumba, akawawekea mfuko wa matibabu na maduka ya bei nafuu. Alichodai badala yake ni utii: mwaka 1877 aliwatolea waraka wa kuwaonya waachane na siasa. Siasa zenyewe ziliegemea upande wake. Sheria ya Prussia, dola iliyotawala Ruhr wakati huo, iliwagawa wapiga kura katika madaraja matatu kwa kiwango cha kodi, na mwishoni mwa karne ya 19 kuna wakati mkuu wa familia ya Krupp alikuwa peke yake katika daraja la kwanza mjini Essen. Mtu mmoja akachagua theluthi ya madiwani.

Nguvukazi ilitoka mbali. Kuanzia miaka ya 1870 maelfu kwa maelfu walihamia kutoka mashariki ya Prussia, wengi wao Wapoland na Wamasuri. Walikaa kwenye vijiji vya kampuni, kila nyumba na bustani yake, na nyuma banda la mbuzi, mnyama aliyeitwa ng'ombe wa mchimbaji. Kazini walivua nguo zao, wakazitundika kwenye ndoano na kuzivuta kwa mnyororo hadi darini, kisha wakashuka shimoni wakiwa na nguo za kazi. Wapoland walianzisha chama chao cha wafanyakazi Bochum mwaka 1902. Watoto wa Wamasuri, Ernst Kuzorra na Fritz Szepan, baadaye wakawa nyota wa timu ya soka ya Schalke 04.

Watu hawa hawakukubali kulipa kimyakimya. Mgomo wa 1889 uliwagusa wachimbaji wapatao 90,000, na wajumbe wao wakapokewa na Kaisari Wilhelm II. Mwaka 1905 waligoma karibu 200,000. Januari 1923 majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yaliiteka Ruhr kudai fidia ya vita. Serikali ya Berlin iliwataka wafanyakazi wasusie kazi, ikawalipa kwa kuchapisha noti, na mfumuko wa bei uliokuwa umeanza ukavuka mipaka yote. Akiba za wananchi wa kawaida ziliyeyuka. Katika Vita Kuu ya Pili migodi na viwanda viliendeshwa pia kwa jasho la mateka na watu walioletwa kwa nguvu kutoka nchi zilizovamiwa. Hao hawakuamua lolote, na wengi walilipa kwa uhai wao.

Mwaka 1951 jibu lilibadilika. Baada ya vyama vya wafanyakazi kutishia mgomo, bunge lilipitisha sheria iliyowapa wafanyakazi nusu ya viti katika bodi za usimamizi za kampuni za makaa na chuma. Mwaka huohuo mkataba wa Paris uliweka makaa na chuma vya Ruhr, pamoja na vya majirani zake, chini ya mamlaka ya pamoja, msingi wa Umoja wa Ulaya wa leo.

Faida ya sheria hiyo ilionekana wakati wa dhiki. Kuanzia 1958 mafuta na makaa ya bei nafuu kutoka nje yaliiponza migodi. Hata hivyo, migodi ilifungwa hatua kwa hatua, wachimbaji wengi wakastaafu mapema au kuhamishiwa kwingine, na serikali ikatoa ruzuku kwa miongo mingi. Bochum ilipata chuo kikuu mwaka 1965. Mgodi wa Zollverein ulifungwa mwaka 1986, na mwaka 2001 ukawa urithi wa dunia. Wa mwisho, Prosper-Haniel wa Bottrop, ulifungwa tarehe 21 Desemba 2018.

Deni halikufungwa pamoja nao. Uchimbaji uliididimiza ardhi, mahali pengine kwa zaidi ya mita 20, na pampu zinazoondoa maji zikizimwa mitaa mingi itageuka maziwa. Taasisi iliyoundwa mwaka 2007 hugharamia kazi ya kupampu maji, na kazi yenyewe haina tarehe ya mwisho. Mto Emscher, uliogeuzwa mfereji wa maji taka kwa sababu mabomba yasingedumu katika ardhi inayotitia, ulisafishwa kwa kazi ya miaka 30 na zaidi ya euro bilioni 5.

Kwa hiyo anayeichunguza Ruhr asitenge hesabu za kampuni na daftari za wapiga kura, wala ramani za maji na orodha za wagomaji. Pale wafanyakazi walipopata kiti mezani, mabadiliko yalikuja kwa utaratibu na kwa utu. Vizazi ambavyo havijazaliwa havikuwa na kiti, na ndivyo vitakavyoendelea kulipia pampu. Utafiti wa haki juu ya eneo lolote la migodi hauna budi kuvihesabu navyo.